Ukiua Joka la Walikale, Radi Atakuita

Mwaka 1930 Hergé, mchoraji wa Brussels ambaye hakuwa amekanyaga Kongo hata kwa bahati mbaya, alimtuma kijana wake wa katuni, Tintin, huku kwetu. Akahitaji kabila la kuweka kwenye picha. Akaliita Babaorom, jina la keki ya Kifaransa iliyoloweshwa kwenye ramu. Wapinzani wao akawapa jina linalotamkika kama Mfaransa anayeuliza "umeniona?" Kazi ya kutaja mataifa ya Afrika ikawa imekwisha kabla chai haijapoa.

Siku hizi zamu ni ya watunzi wa michezo ya mezani, ile ambayo kila mchezaji hujivika uhusika wa mchawi au shujaa, msimulizi mmoja huendesha kisa, na dadu lenye pande 20 huamua nani afe. Wameamua Afrika nayo iwemo. Heri, wala hatukatai. Wengi wana nia njema, na wengine hata husoma kitabu. Kwa yeyote mwenye mpango wa kuchota Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu huku Kongo, akazipeleke kwenye ulimwengu wa kubuni, orodha ni hii, tisa kwenda moja, makosa madogo yakitangulia. Ukichukia, ichukie namba.

9. APOSTROFI SI KABILA

M'Zula. N'Goru. K'tumba. Mtunzi akikosa wazo hunyunyiza apostrofi, kisha anasema ni lugha ya kale. Kiswahili kinayo moja tu, ya ng'ombe, nayo ina kazi maalumu. Tuendelee.

8. BARA ZIMA LINAITWA MWANGI

Sitanii. Mchezo wa Pathfinder una nchi pana ya misitu na mito iitwayo Mwangi Expanse, na wakazi wake ni Wamwangi. Msomaji wa Nyeri ameshaweka kikombe chini. Mwangi kwake ni jirani aliyeazima toroli tangu Pasaka. Kwa haki yao, mwaka 2021 walitoa kitabu kizima kilichoandikwa na kundi kubwa la waandishi, na nchi ile ikapata miji, chuo cha uchawi chenye heshima, na watu wenye siasa zao wenyewe. Ni kazi nzuri. Mwangi, hata hivyo, amebaki Mwangi.

Wenzao wa Dungeons & Dragons walitoa kisa cha Chult mwaka 2017: rasi yenye dinosaria, bandari inayoitwa Nyanzaru, na mtu hatari anayeitwa Ras Nsi. Ras ni cheo cha Kihabeshi. Amefikaje huko, na dinosaria walimpitishaje? Kabla yao, miaka ya 1930, Robert E. Howard aliweka Zembabwei kwenye ulimwengu wa shujaa wake Conan, akidhani amekoroga herufi vya kutosha tusimshtukie.

Usidhani wageni ndio wavivu peke yao. Mobutu aliiita sarafu zaire mwaka 1967, na mwaka 1971 nchi ikawa Zaire na mto ukawa Zaire. Hata mtunzi aliyechoka saa nane za usiku angetafuta walau majina mawili.

Dawa ni kupunguza ukubwa. Acha bara. Chukua bonde moja, mto mmoja, watu wa kilima kimoja, uwatungie jina lao. Ukiwajua hao vizuri, wachezaji wataamini kwamba bara lipo nyuma yao.

7. SIMBA HAYUPO, JIBINI LIPO

Mchezo ukitaja Afrika, ramani inajipaka njano yenyewe: nyasi kavu, mgunga mmoja, jua linatua, simba anatafakari maisha. Sasa toka Goma, pita Sake, panda kuelekea Masisi. Baridi. Ukungu. Vilima vya kijani kimoja baada ya kingine, sehemu kubwa juu ya mita 1,500, na ng'ombe wamesimama kwenye mteremko ambao mtu mzima angeushuka kwa makalio. Wageni wote husema panafanana na Uswisi. Uswisi ina bahati, hakuna anayeiambia kila siku kwamba inafanana na Masisi.

Halafu kuna jibini. Mapadri wa Kibelgiji waliacha ufundi, wenyeji wakaushika, na kwa miaka mingi magurudumu ya jibini la Masisi yameshuka Goma na kusafiri hadi Kinshasa. Nionyeshe mchezo mmoja wa "Afrika ya kale" ambamo shujaa anafungua mkoba na kukata kipande cha jibini. Wote wanakula nyama choma na matunda yasiyo na jina.

Usafiri nao. Watunzi huleta farasi, au kifaru aliyefungwa tandiko. Ndugu yangu, hujaiona chukudu? Ni gari la mbao tupu lenye magurudumu mawili, nayo ya mbao, yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Kuna usukani wa mbao na ubao mrefu wa kulazia mizigo: viazi, makaa, mbao, mabunda ya majani. Dereva hupiga goti moja juu ya ubao, kwenye kipande cha mpira kilichopigiliwa misumari, na mguu wa pili unasukuma ardhi. Ikifika mteremko, mguu unapumzika na sala inaanza. Breki ni kipande cha tairi kinachoning'inia juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga na kandambili, na kama kandambili ni mpya utasimama. Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Mtu anayeweka farasi Masisi wakati chukudu ipo apoteze zamu tatu mfululizo.

6. MSITU UNA WENYEWE

Shuka upande wa magharibi na vilima vinamezwa na msitu wa Walikale. Ni wilaya ya zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na Rwanda nzima ina kama 26,000. Kwenye ramani ya mchezo eneo kama hilo hupakwa kijani na kuandikwa "pori lisilojulikana". Lisilojulikana na nani? Kwa Wanyanga, wenyeji wa msitu huo, mahali pa kutega, pa kuwinda kwa nyavu na mbwa waliovalishwa njuga, na pa kurina asali pana ukoo, na ukoo una mzee, na mzee ana kumbukumbu ndefu kuliko yako. Hata shirika la Dian Fossey Gorilla Fund, lilipotaka kulinda gorila katika eneo la Nkuba huko Walikale, ilibidi lizungumze na familia zenye msitu. Wachezaji wako nao waanze hapo: kabla ya upanga, salamu, kabla ya kuwinda, makubaliano ya nani atapata paja.

Na tafadhali mwache gorila. Mwangi Expanse ile ile iliwahi kuwa na mfalme mwovu ambaye ni gorila. Gorila wa Grauer, anayeishi misitu hii, ndiye mkubwa kuliko gorila wote, dume likivuka kilo 200, na shughuli zake ni majani, matunda na usingizi. Tangu 2016 yumo kwenye orodha ya viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Kumpa yeye uovu ni kumfungulia mgonjwa mahututi kesi ya ujambazi.

5. HAZINA INA UZITO

Wachezaji hupenda kupata sarafu 10,000 na kuziweka mfukoni, halafu wakaruka ukuta. Walikale haina mambo hayo. Kasiteriti, mawe ya bati, ilipoanza kuchimbwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilitoka mgongoni mwa mtu: gunia la kilo 50 hivi, mwendo wa siku mbili hivi kwenye matope na mizizi hadi Ndjingala, na njiani vizuizi, kila kimoja na mwenye bunduki wake, kila kimoja na kodi yake. Kutoka hapo mawe yalikwenda Kilambo, ambako uwanja wa ndege ulikuwa barabara. Ile ile ya lami, ya magari. Magari yalisimamishwa, ndege ndogo ikatua, ikageuka, ikajaza tumbo, ikaruka, kisha dereva wa lori akawasha gari na kuendelea na safari kana kwamba ameona mbuzi akivuka. Mwandishi wa fantasia angeleta ndege hiyo kwenye muswada, mhariri angeifuta: haiaminiki.

Sasa pale pana mgodi wa kampuni, wenye mashine. Na upande wa Masisi, Rubaya hutoa koltani, inayozaa tantali ya vile vipande vidogo ndani ya simu na mashine za michezo. Kwa hiyo anayecheza Masisi ya kubuni kwenye kioo huenda ameishika Masisi yenyewe mkononi, na haijamwambia kitu.

Kanuni ninayoipendekeza: kila kilo ya hazina ipunguze mwendo, na kila kizuizi kiulize swali lile lile, "Umetuletea nini?" Kufika kwenye kizuizi cha saba wachezaji watakuwa wanauchumi.

4. KABILA SI BONASI YA DADU

Hapa utani upunguze sauti.

Michezo mingi iliwapa watu wake "asili": hawa wana nguvu, wale wajanja, na hawa wanawachukia wale tangu dunia kuumbwa. Dungeons & Dragons wenyewe waliacha neno la mbari katika kanuni zao za 2024. Lakini tabia haijaisha, na ikifika Masisi inageuka sumu, kwa sababu hapa yapo magenge yanayosema hivyo hivyo na wala hayatumii dadu.

Uhasama wa Masisi una tarehe. Mwaka 1937 Wabelgiji walianzisha mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda kuja kwenye vilima hivi, wapate nguvukazi ya mashamba, na mpango ukaendelea hadi 1955. Wakawaundia wahamiaji utawala wao wa kichifu, Gishari, juu ya ardhi ya Wahunde, kisha mwaka 1957 wakaufuta. Sheria ya 1972 ikawapa wengi uraia, sheria ya 1981 ikaunyang'anya. Mwaka 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi. Hakuna hata hatua moja hapo iliyotoka kwenye damu ya mtu. Zilitoka ofisini, na zilikuwa na mihuri.

Basi usitumie majina ya watu walio hai, Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi, kuwa aina za mahasimu kwenye kisanduku. Wengi wenye majina hayo wamepitia kambini, chini ya maturubai, na hawakuomba kuwa ngazi ya tatu ya mchezo wako. Ukitaka mgogoro unaonuka ukweli, tunga kijiji chenye shamba moja na ramani zake tatu, kila ramani ina muhuri halali wa serikali tofauti. Waache wachezaji wahukumu. Hawatachomoa panga kwa saa nzima, na watatoka jasho.

3. MAJI

Najua unayataka. Maji yanayogeuza risasi kuwa maji: mwaka 1905 Kinjikitile aliyagawa katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, waasi wa Simba wa Kongo walikuwa nayo mwaka 1964, na wapiganaji wa Mai-Mai wa Kivu wameyabeba jina hadi leo. Kwenye kitabu cha mchezo yanaandikwa kama kinga, alama tano, basi. Wanaoyatumia wanajua kwamba shughuli haiko kwenye maji bali kwenye miiko: usiibe, usiguse hiki, usile kile. Risasi ikipenya, mwiko ulivunjwa. Ndiyo kanuni ngumu zaidi ya mchezo niliyowahi kusikia, maana haishindwi kamwe, anayeshindwa ni mtu, na mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na minne. Kama huwezi kuuweka uzito huo mezani, weka mvua ya kawaida.

2. MLETE SHANGAZI

Sasa tumefika kwenye mali yenyewe, nayo ilikuwepo kabla ya dadu. Mwaka 1956, Walikale, fundi wa masimulizi wa Kinyanga aitwaye Shé-Karisi Rureke aliimba na kusimulia kisa cha Mwindo kwa siku 12, wapigaji na waitikiaji wakiwa pembeni, huku mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck akiandika mpaka vidole vikalia. Biebuyck na mwanaisimu wa Kinyanga, Kahombo Mateene, wakakichapisha mwaka 1969. Siku 12! Vijana wa dadu hujisifu kwa kikao cha saa sita chenye piza.

Kisa kinaanza na chifu wa Tubondo aliyepiga marufuku mtoto wa kiume, kwa kuwa mabinti huleta mahari. Mkewe mpendwa akazaa mvulana, na mvulana akatoka anatembea, anaongea, na ana usinga wa mkia wa nyati mkononi. Wakenya wanaomkumbuka Mzee Kenyatta wanajua usinga si wa nzi tu. Baba akamrushia mkuki, akakosa. Akamzika, akatoka. Akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni.

Majina angalia. Mtoto ni Mwindo, jina la mvulana aliyefuata wasichana. Baba ni Shemwindo, mama ni Nyamwindo. Watu wanatajwa kwa yule aliyewafanya kuwa wazazi, kama tunavyosema Baba Neema na Mama Neema. Kwa mtunzi wa michezo huo ni mtambo kamili wa majina, bila apostrofi: mhusika akizaa jina lake linabadilika, na aliyejaribu kumuua mwanawe anaitwa kwa jina la mwana huyo hadi kaburini. Chukua mtambo, usichukue majina.

Na ngoma ile inaelea kwenda kwa nani? Kwa Iyangura, shangazi, dada wa baba, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa majini. Yeye ndiye anayeipasua ngoma na kumtoa mtoto. Yeye ndiye anayeongozana naye kurudi Tubondo, wakipitia kwa wajomba, ambao ni popo, nao wanamfua mwili kwa chuma. Mwindo akiisha kuiteketeza Tubondo, shangazi ndiye anayesema hapana, hawa watu wafufue. Naye anawafufua, mmoja mmoja, kwa usinga. Baba akirudishwa kutoka kuzimu, shangazi anamkemea kaka yake mbele ya kadamnasi, na kaka anainamisha kichwa. Michezo ya Ulaya huwa na mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo anayetoa ushauri na kupotea. Sisi tunaye shangazi, na hapotei. Anauliza umekula, umeoa, na kwa nini umechoma kijiji.

1. USIUE JOKA

Ah, joka lazima liwepo, mchezo una joka hadi kwenye jina. Wanyanga nao wanalo: Kirimu, mwenye vichwa saba, pembe saba na macho saba, amelala msituni. Mwindo, sasa chifu, akatamani nyama ya nguruwe mwitu, akawatuma wawindaji wake Wambilikimo. Kirimu akawameza watatu, mmoja akarudi kutoa habari. Mwindo akaenda, akaliua joka kwa usinga, likabebwa kijijini, likakatwa, likaliwa.

Kwenye mchezo wowote wa dadu hapa muziki unapigwa. Pointi zinamwagika, dhahabu inagawanywa, msimulizi anafunga daftari.

Rureke hakufunga. Harufu ya nyama ilipanda hadi kwa Nkuba, bwana wa radi, na Nkuba alikuwa amechanjiana damu na Kirimu. Joka lilikuwa na rafiki. Tena rafiki wa Mwindo pia, ndiye aliyempa miale saba ya kuipiga Tubondo. Nkuba akashuka, akamchukua shujaa mzima mzima hadi juu, na kule hakukuwa na pambano wala dadu. Kulikuwa na baridi, mvua, mvua ya mawe na jua, mwaka mmoja, na usinga haukusaidia kitu. Aliyezaliwa akijisifu alikaa akinyeshewa. Aliporudi alikatazwa kuua wanyama wa msituni, na akawaletea watu wake maagizo ya kuishi.

Hicho ndicho ambacho sijakiona kwenye vitabu vya mchezo wa "Kiafrika", vilivyo vibaya na vilivyo vizuri. Majina yamerekebishwa, michoro ya nguo imependeza, ngozi zimechorwa kwa heshima. Lakini mashine ya ndani ni ile ile ya Ulaya: ingia, ua, beba, panda ngazi. Walikale inaendeshwa na swali jingine, huyu uliyemuua alikuwa wa nani? Liweke hilo kwenye kanuni na unaweza kuwaita watu wako jina lolote, nitawatambua. Kila kiumbe kwenye kitabu chako, mbele ya nguvu na silaha zake, kiwe na mstari mmoja: amechanjiana na nani.

Mchezaji akilalamika kwamba ameangusha vichwa saba na hajapewa hata pointi moja, mpeleke juu. Mnyeshee mwaka mzima. Wenzake wakiendelea na kisa bila yeye, awe anaruhusiwa kupiga chafya tu.